MASOMO YA USIMAMIZI WA RASILIMALI WATU NA UHUSIANO KAZINI: NI SHERIA YA UPANDE GANI?

Miongoni mwa vijana wa Unguja na Pemba wanaomaliza kidato cha sita, wako wanaoomba shahada ya usimamizi wa rasilimali watu, fani ambayo watumishi wa zamani waliizoea kwa jina la utumishi na uendeshaji. Baadhi yao husoma hapa Visiwani. Wengine huvuka kwenda Bara, katika vyuo kama vile Chuo Kikuu cha Mzumbe, Morogoro, au Chuo cha Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam. Ni vyema waombaji pamoja na wazazi wao wakafahamu mapema kwamba shahada hiyo inatambuliwa pande zote mbili za Muungano, ilhali sheria ya kazi inayosomeshwa ndani yake si moja.

Asili ya jambo hili ni Katiba. Katika orodha ya mambo ya Muungano iliyomo kwenye Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, elimu ya juu imo, bali kazi na ajira hazimo. Kwa hiyo Bara inaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, na Zanzibar ina Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 pamoja na Sheria ya Uhusiano Kazini Na. 1 ya 2005. Watumishi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar wana sheria yao nyengine, nayo ni Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 2 ya 2011.

Sehemu kubwa ya masomo haina mipaka. Kupanga ikama, kutayarisha muundo wa utumishi, kuajiri kwa usaili wa haki, kupima utendaji, kutunza majalada na kuendesha shauri la nidhamu ni mambo yale yale popote pale. Hali kadhalika nadharia zake, zikiwemo zile zilizotokana na uchunguzi uliofanywa baina ya mwaka 1924 na 1932 katika kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago. Mwanafunzi hana budi kuzisoma, ingawa inafaa akumbuke kwamba zilizaliwa katika viwanda vya Marekani, si katika hoteli ya Nungwi wala ghala la karafuu.

Uhusiano kazini ndio unaohitaji uangalifu zaidi. Somo hili linahusu vyama vya wafanyakazi, majadiliano baina yao na waajiri, mikataba ya hali bora, migomo na usuluhishi. Zanzibar ina historia yake katika mambo haya. Mgomo mkubwa wa mwaka 1948 ulianza mwezi Agosti kwa wafanyakazi wa bandarini, katika wakati ambapo ugumu wa maisha baada ya vita ulikuwa umeongezeka, ukaenea kwa wafanyakazi wengine mjini. Mombasa ilikuwa imekwisha kugoma Januari 1947, na bandari ya Dar es Salaam mwaka huo huo. Anayesoma mkataba wa hali bora bila ya kuyajua hayo huuona kuwa ni karatasi tu.

Mfano ufuatao utaonesha uzito wa suala lenyewe. Mpishi wa hoteli moja ya Kaskazini Unguja anaachishwa kazi bila ya kuitwa kujieleza. Ofisa utumishi wa hoteli hiyo, mhitimu wa chuo cha Bara, anamshauri kwa nia njema apeleke lalamiko katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, tena ndani ya siku 30, kwani ndivyo alivyosomeshwa kuhusu kuachishwa kazi isivyo halali. Ushauri huo ungekuwa sahihi Tanga au Arusha. Tume hiyo ni chombo cha Bara na haina mamlaka hapa. Kwa Zanzibar, mgogoro wa kazi hushughulikiwa kwanza na kitengo cha usuluhishi kilichowekwa na Sheria Na. 1 ya 2005, na ukishindikana ndipo hufika Mahkama ya Kazi. Mpishi aliyevuka bahari na lalamiko lake amepoteza nauli, na pengine amepoteza muda ambao sheria ya nyumbani ilimpa.

Hali ni hiyo hiyo kwa likizo. Mwanafunzi wa Bara hujifunza siku 28 za likizo ya mwaka na siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Hesabu hizo zisihamishwe kama zilivyo katika mikataba ya Zanzibar bila ya kusoma kwanza Sheria Na. 11. Aidha, kibali cha kazi cha mgeni anayeajiriwa Zanzibar hutolewa na mamlaka ya kazi ya Zanzibar, wala Sheria Na. 1 ya 2015 inayoratibu ajira za wageni haihusiki hapa. Kwa waajiri wa sekta ya utalii, kosa la namna hii ni ghali.

Kwa hivyo mwanafunzi wa Visiwani aliyeko Bara anashauriwa kujipatia nakala za sheria zote mbili za mwaka 2005 tangu mwaka wa kwanza, na kuzisoma sambamba na zile anazofundishwa darasani. Mafunzo kwa vitendo yakiruhusu, yafanyike katika wizara, shirika au hoteli ya Zanzibar, na utafiti wa mwaka wa mwisho uchaguliwe huku. Akiwa ofisini, aombe aoneshwe taarifa ya michango ya wafanyakazi inayopelekwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa kwa Sheria Na. 2 ya 1998, ailinganishe na orodha ya mishahara ya mwezi huo, jina kwa jina, na aulize iwapo yumo mtu aliyekatwa mchango ambao haujafika.