Sadaka Inayovuka Bahari: Somo juu ya Ufadhili wa Watoto

Soma kwanza: Matendo ya Mitume 11:27–30, 2 Wakorintho 8:1–21, Marko 12:41–44.



Mahali pengi katika nchi yetu kanisa hujulikana kijijini kwa jambo moja: "Pale ndipo watoto wanapopata wafadhili." Mzazi mgeni akifika Jumapili, baada ya ibada humwuliza mchungaji kama majina bado yanaandikwa. Si vibaya mzazi kuuliza, kwa maana ana watoto wa kulisha na kuvisha. Lakini kanisa likijulikana kwa wafadhili kuliko kwa Injili, yatupasa tuketi na kujifunza. Katika somo hili tutatazama mambo matatu: msaada wa namna hii ulianzia wapi, una faida na hatari gani, na sisi tunaopokea tuna wajibu gani.

1. Mchango wa Yerusalemu

Twasoma katika Matendo kwamba njaa ilitabiriwa, nayo ikatokea zamani za Kaisari Klaudio. Wanafunzi wa Antiokia wakaazimu kupeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi, kila mtu kwa kadiri ya alivyonavyo. Angalia vizuri ni nani anayempa nani. Yerusalemu ndilo kanisa mama, ambako Injili ilitoka. Antiokia ni kanisa changa. Basi kanisa lililopokea Injili ndilo lililopeleka chakula.

Baadaye Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mchango kama huo. Aliwaeleza mambo matatu. La kwanza, watu wa Makedonia walitoa ingawa walikuwa maskini sana. La pili, shabaha ya mchango ni usawa: leo wewe una ziada na mwenzako amepungukiwa, kesho huenda ikawa kinyume. La tatu, fedha zilisafirishwa na watu zaidi ya mmoja, tena waliochaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kulaumu. Tuyashike mambo haya matatu, maana tutayarudia.

2. Watoto watano wa Unguja

Wengine hudhani ufadhili wa watoto ni jambo la juzi. Kumbe Kanisa Anglikana katika nchi hii lina deni kubwa kwa sadaka ya namna hiyo. Mwaka 1864 Askofu Tozer wa misheni ya UMCA aliwasili Unguja pamoja na Dk. Edward Steere. Muda si mrefu Sultani Majid alimkabidhi wavulana watano waliookolewa kutoka katika jahazi la watumwa. Hawakuwa na baba wala mama karibu, wala hawakujua kwao ni njia gani. Wakalelewa na kufundishwa, na shule yao baadaye ikawa Kiungani. Gharama zilichangwa na Wakristo wa Uingereza, hata watoto wa Shule ya Jumapili huko walitoa senti zao kwa ajili ya watoto wasiowajua.

Matunda yake? Mmoja wa wale watano, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Mwingine aliyesomea Kiungani baada yao, Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, alipewa ukasisi mwaka 1890, akawahudumia Wayao huko Chitangali, kusini mwa nchi yetu. Hivyo mtoto aliyelishwa kwa sadaka ya ng'ambo alikua akawalisha wengine Neno la Mungu. Hilo ndilo kusudi la kumsaidia mtoto: asimame, kisha amsimamishe mwingine.

3. Ufadhili wa siku hizi

Mwaka 1952 mhubiri Mmarekani, Everett Swanson, aliona yatima wa vita huko Korea, akarudi kwao kuwaomba Wakristo wamsaidie kuwatunza. Hivyo likaanza shirika ambalo leo linaitwa Compassion. Nchini Tanzania lilianza kazi mwaka 1999, nalo hufanya kazi kupitia makanisa ya mahali, ya madhehebu mbalimbali. Mtoto huandikishwa, hupewa namba, na mtu mmoja wa ng'ambo hutoa fedha kila mwezi na kumwandikia barua. Kituo kanisani humpa mtoto mafundisho, chakula, matibabu na mahitaji ya shule. Mashirika mengine, kama World Vision, hutumia sehemu kubwa ya fedha za ufadhili kwa kazi za jamii nzima, kama vile maji au madarasa.

Je, inafaa? Mwaka 2013 wachumi watatu, Wydick, Glewwe na Rutledge, walichapisha uchunguzi wao juu ya watu 10,144 katika nchi sita, zikiwemo jirani zetu Kenya na Uganda. Waliwalinganisha waliofadhiliwa na Compassion utotoni na ndugu na majirani wasiofadhiliwa. Waliofadhiliwa walisoma kwa wastani mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu zaidi, na wengi zaidi walimaliza sekondari. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa watoto hao walikuwa pia na matumaini makubwa zaidi juu ya maisha yao. Sisi walimu jambo hili halitushangazi. Mtoto anayejua kuwa yuko mtu anayeuliza habari za masomo yake hukaa darasani kwa namna nyingine.

Tena tusisahau kwamba ada pekee haikuwa kizuizi. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne hutolewa bila ada, na tangu 2022 kidato cha tano na sita pia. Lakini sare, madaftari, viatu na mahindi ya uji wa shuleni bado hutoka nyumbani. Ndipo mtoto wa maskini anapokwama.

4. Aliyeandikwa na asiyeandikwa

Sasa tutazame hatari. Tuseme darasani wamo watoto 50, na kanisa limepata nafasi 6. Watoto 44 wamebaki. Krismasi ikifika, sita wana viatu vipya na barua yenye picha. Mtoto anayekaa dawati moja nao hujiuliza: "Mimi nina kasoro gani?" Mtoto hajui habari za bajeti. Hujihesabia kuwa hakupendwa.

Kwa hiyo namna ya kuchagua ni jambo la imani. Majina yakichaguliwa usiku na watu wawili, kisha wakaonekana watoto wa wazee wa kanisa na wa wanakwaya, kijiji kitajua hata kama hakisemi. Uchaguzi ufanyike mchana, mbele ya mwalimu, mwenyekiti wa kijiji na wazazi, kwa vigezo vilivyosomwa kwa sauti. Aanze yatima anayelelewa na bibi. Aanze mlemavu aliyefichwa ndani. Atazamwe mtoto wa mfugaji wa Kibarbaig anayeishi mbali, ambaye hana mtu wa kumsemea kwenye kikao. Wala asiulizwe kwanza baba yake anasali wapi.

Katika Hanang yetu tuna sababu ya kukumbuka kuwa msaada usiouliza wenyeji huumiza. Miaka ya 1970 na 1980 Canada ilisaidia kuanzisha mashamba makubwa ya ngano upande wa Basotu, chini ya shirika la umma la NAFCO. Ngano ilipatikana kweli. Lakini Wabarbaig walipoteza malisho yao bora, makaburi ya wazee wao yakalimwa, na malalamiko yao yakafika mahakamani. Waliotoa fedha hawakukusudia mabaya, ila waliokuwa wakiishi pale hawakusikilizwa.

Hatari nyingine ni heshima ya mtoto. Asifundishwe kuomba saa wala simu katika barua. Asivuliwe viatu ili picha imwoneshe maskini zaidi. Mgeni wa ng'ambo asiachwe peke yake na mtoto, hata akiwa mfadhili wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto kila mahali, na uwanja wa kanisa umo.

5. Siku mfadhili akiacha

Machi 2017 Compassion ililazimika kufunga kazi yake nchini India, baada ya serikali kuweka masharti juu ya fedha za nje. Watoto zaidi ya 140,000 walipoteza ufadhili ule. Hawakukosa lolote, wala wafadhili wao hawakukosa. Mlango ulifungwa tu. Mfadhili naye aweza kuugua, kufukuzwa kazi au kufa. Basi kila kanisa lenye kituo lijiulize mapema: fedha za nje zikikoma mwezi ujao, ni nani atakayemnunulia mtoto daftari?

Hospitali ya Haydom yatufundisha jambo hapa. Sisi tulioko Mogitu, kwenye barabara ya Babati na Singida, huwaona wagonjwa wakishika njia ya kwenda huko. Ilianzishwa na wamisheni wa Kilutheri wa Norway mwaka 1955, na Wakristo wa huko wameichangia kwa miaka mingi. Lakini damu anayoongezewa mama aliyejifungua haitoki Norway. Hutolewa na ndugu na majirani wa hapa. Sadaka za pande mbili hukutana kitandani kwa mgonjwa.

Vivyo hivyo tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua zaidi ya watu 80 katika Katesh na vijiji vya jirani. Misaada ilikuja kutoka serikalini, makanisani, misikitini na mbali zaidi. Ila saa za kwanza mikono iliyochimbua tope ilikuwa ya majirani.

6. Wajibu wetu

Tukirudia yale mambo matatu ya Paulo, hatuna budi kufanya haya:

(a) Tutoe hata sisi. Kila parishi iwe na mfuko wake wa watoto, hata kama ni debe la mahindi wakati wa mavuno na sadaka moja kwa mwezi. Umoja wa Mama wajua nani hana sare. Yule mjane wa Marko 12 hakungoja kuwa tajiri.

(b) Tutafute usawa. Chakula cha kituoni kikiruhusu, asiyeandikwa asifukuzwe mlangoni. Masomo ya jioni na michezo iwe ya watoto wote. Na tuwaombee walioko ng'ambo na watoto wao, kwa maana nao wana upungufu wao.

(c) Hesabu ziwe wazi. Fedha zisishikwe na mtu mmoja. Hesabu isomwe kanisani kila robo mwaka, kwa shilingi, na ibandikwe ubaoni.

(d) Mtoto afundishwe kutoa. Anayefadhiliwa amsaidie wa darasa la chini kusoma, ateke maji kwa bibi jirani. Asikue akidhani kuwa mikono yake iliumbwa kwa kupokea tu.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Kwa nini kanisa la Antiokia lilipeleka msaada Yerusalemu? Sisi tunadaiwa na nani?
2. Katika mtaa wenu, ni mtoto gani ambaye jina lake halifiki kwenye kikao? Kwa nini?
3. Ufadhili wa nje ukikoma, ni mambo gani matatu ambayo parishi yenu yaweza kuendelea kuyafanya kwa nguvu zake?
4. Mara ya mwisho hesabu za watoto zilisomwa lini kanisani?

Sala

Ee Mungu Baba wa yatima, twakushukuru kwa ajili ya wote walio mbali wanaowakumbuka watoto wetu. Utupe sisi tulio karibu macho ya kumwona mtoto ambaye jina lake halijaandikwa. Utufanye waaminifu katika kupokea na wepesi katika kutoa, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.