Baada ya Mazishi, Nani Atawauguza Waliobaki?

Sisi wa kando ya Ziwa Viktoria tunaujua uchungu wa kungoja ufukweni. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Watu mamia walikufa, na wengi wao walizikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Viongozi wa dini mbalimbali walisali pamoja na wafiwa makaburini.

Je, kazi yao iliishia hapo? La. Watu wakishatawanyika, ndipo majeraha ya moyo huanza kuuma. Mfiwa hukosa usingizi, huota maji, huogopa kupanda chombo au hukimbilia pombe. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena. Hizo si dalili za imani haba, wala si lazima ziwe za wazimu. Ni mshtuko.

Padre, katekista na viongozi wa jumuiya wafanye nini?

Kwanza, wasikilize. Wasimlazimishe mtu kusimulia, wala wasimnyamazishe anayelia.

Pili, wasiharakishe kusema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Vyombo vyote viwili vilipakia kupita kiasi, MV Nyerere kiliruhusiwa watu 101 tu. Mfiwa anayekasirika ana haki. Tusimtwishe Mungu makosa ya wanadamu.

Tatu, wasiwasahau ambao ndugu zao hawakuonekana. Hao hawana kaburi la kulilia. Misa ya marehemu huweza kuadhimishwa hata bila mwili, na jina likitajwa altareni moyo hupata pa kutulia.

Nne, wajue mpaka wao. Ikipita miezi na mtu bado hali, halali wala hawezi kazi, apelekwe hospitali. Bugando wapo waganga wa magonjwa ya akili. Akisema anataka kujiua, asiachwe peke yake, apelekwe siku hiyo hiyo. Sala na dawa havigombani.

Ndugu wasomaji, katika jumuiya yenu yumo mjane au yatima wa ziwa. Mara ya mwisho mlimtembelea lini? Wiki hii mpigieni hodi. Mkikosa maneno, kaeni naye tu.