Bazimu katika sinema: filme za kujua, tangu mwaka wa 1896



Kamati ya gazeti iliniomba niandike somo juu ya filme za bazimu. Sababu inajulikana. Kila siku ya kwanza asubui, mbele ya kengele, kunakuwa kikundi chini ya muti, na mumoja anasimulia filme aliyoona katika sale ya video katika muji ao katika telefone ya kaka yake. Kufika saa ine, ile filme imekwisha kuwa habari ya kweli iliyotokea Oicha ao Kasindi. Basi ni vizuri tujue hizi filme zilitoka wapi, nani alizitengeneza, na zinafanya kazi namna gani.

Kwanza tupange maneno. Muzimu ni mutu aliyekufa na ambaye anarudi kwa wazima. Filme ya shetani si filme ya muzimu: ile The Exorcist ya 1973, ambayo wengi wanaitaja, ni ya pepo muchafu aliyeingia katika mutoto mwanamuke, hakuna mufu anayerudi pale. Dracula ni jamaa ingine, ya wanyonya damu. Na muchawi ni mutu muzima, anayekula chakula kama wewe. Musifikiri ninatafuta maneno bure. Mutu akichanganya muzimu na muchawi, anaweza kumuumiza mwenzake, na nitasema namna gani.

Sinema ya watu wote, ya kulipa feza mulangoni, ilianza Paris tarehe 28 Desemba 1895 na ndugu wawili, wana wa Lumière. Hata mwaka moja haukupita, bazimu wakaingia. Mufaransa Georges Méliès, ambaye kazi yake ilikuwa michezo ya kiini-macho, alitengeneza mwaka wa 1896 Le Manoir du diable, ni kusema nyumba kubwa ya shetani. Ni dakika tatu tu. Mule kuko popo, mifupa ya mutu, na bazimu waliojifunika shuka nyeupe. Namna aliyofanya ni rahisi: unasimamisha mashine, unamuweka mutu fasi, unaendesha mashine tena. Kwa mutazamaji, mutu ametoka katika hewa. Yeye mwenyewe alisimulia kama alijifunza ile siri siku mashine yake ilikwama barabarani. Kisha kuangalia picha, akaona gari la abiria limegeuka gari la kubeba maiti. Ujue basi kama muzimu wa kwanza wa sinema alizaliwa na mashine iliyokwama.

Siri ya pili ni kupitisha utepe ule ule mara mbili katika mashine. Mara ya kwanza unapiga picha ya chumba, mara ya pili unapiga picha ya mutu peke yake mbele ya giza. Unapata mutu ambaye kiti kinaonekana nyuma yake. Nyakati zile mashine ilizungushwa kwa mukono, na kama mukono haukuenda mwendo ule ule mara zote mbili, kazi yote iliharibika. Wasuedi waliifanya vizuri kabisa katika Körkarlen, iliyotoka tarehe 1 Januari 1921. Victor Sjöström aliiongoza na akacheza yeye mwenyewe mulevi David Holm. Hadisi inatoka kwa kitabu cha mwanamuke Selma Lagerlöf: mutu wa mwisho kufa mbele ya saa sita ya usiku wa mwisho wa mwaka, yeye atalazimishwa kuendesha gari la Kifo kwa mwaka muzima. David Holm anakufa saa ile. Dereva wa zamani, ambaye walikuwa wanakunywa pamoja, anamupeleka kuona nyumba yake, bibi yake, watoto, na dada wa Jeshi la Wokovu ambaye yeye alimuambukiza kifua kikuu. Haina sauti, hakuna damu, na ninaona bado haijapata mwenzake. Gari linapita juu ya maji ya bahari kwenda kuokota waliozama, nawe unanyamaza tu.

Miaka ya 1930 bazimu wa Marekani na Uingereza walikuwa wa kuchekesha, tupite. Mwaka wa 1944 The Uninvited ilionyesha Hollywood kama muzimu anaweza kuwa jambo nzito. Mwaka wa 1949 Wahindi walitoa Mahal, na Ashok Kumar pamoja na Madhubala. Pale mwanaume anapenda mwanamuke ambaye anazani ni muzimu, na ukweli unakuja kuwa mwingine. Hiyo nyumba kubwa, usiku, na wimbo unaosikika mbali, filme nyingi za Bombay zimeiiga nyuma yake.

Sasa tufike kwa filme ambayo ninaomba kila mutoto wa Butembo aione, kwa sababu ni kama iliandikwa kwa muji wetu. Ni Ugetsu, ya Mujapani Kenji Mizoguchi, 1953. Ilipata Simba wa Feza kule Venise. Ni wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, zaidi ya miaka mia ine iliyopita. Genjuro ni mufinyanzi wa kijijini. Vita inakaribia, lakini vyungu vinauzwa bei nzuri katika muji, kwa hiyo anawaza faida tu. Anamuacha bibi yake Miyagi na mutoto mudogo, anasema nitarudi upesi. Kule muji anakutana na mwanamuke wa ukoo mukubwa anayesifu kazi yake, anakaa kwake, anasahau siku. Kumbe yule mwanamuke alikwisha kufa zamani. Genjuro anaponyoka, anarudi kwake usiku. Anazunguka nyumba: kuko giza. Anaingia mara ya pili: Miyagi iko pale karibu na moto, anamupa chakula, anamufunika, anashona nguo mupaka asubui. Asubui jirani anakuja na kumuuliza: unamutafuta nani? Bibi yako waliisha kumuua askari wenye njaa.

Angalieni: kuko bazimu wawili hapa. Mumoja anamushika mwanaume kusudi asirudi nyumbani. Mwingine anamungojea kusudi amuone mara moja tena. Hakuna kelele, hakuna mutu anayeruka kutoka kabati. Sisi ambao baba zetu wako barabarani, Kasindi, Kampala ao Dubai, na sisi tulioona watu wa Mbau na Eringeti wakishuka na magodoro kichwani, hatuhitaji mutu atufasirie hii filme.

Miaka ya 1960 ilileta woga wa masikio. The Innocents (1961) ni ya mwalimu mwanamuke na watoto wawili katika nyumba ya watajiri. Mupaka mwisho hujui kama bazimu wako ao kama ni kichwa cha mwalimu. Katika The Haunting ya Robert Wise (1963) muzimu haonekani hata mara moja. Unasikia kugonga ukutani, na mulango wa mbao unajikunja kama kifua kinachopumua. Ndiyo kusema woga mukubwa ni ule unaoutengeneza wewe mwenyewe. Mwaka wa 1964 Masaki Kobayashi akatoa Kwaidan, hadisi ine za Japani. Ile ya tatu, ya muimbaji kipofu Hoichi, watoto wa darasa la saba wataipenda: watawa wanamuandika maneno matakatifu katika mwili wote kusudi bazimu wasimuone, lakini wanasahau masikio. Muzimu anaona masikio mawili yanaelea peke yake. Basi anaondoka nayo.

Kwa miaka iliyofuata ninakwenda mbio, sababu hizi ndizo munazijua. The Shining 1980, Poltergeist 1982, Ghostbusters 1984 ya kuchekesha, Ghost 1990 ya kuliza wasichana (na wavulana pia, lakini wanakataa). Ringu ya Japani, 1998, ina kaseti: ukiiangalia, utakufa siku ya saba. Zile mesaje za telefone zinazosema tuma kwa watu kumi ao utapata bahati mbaya ni mutoto wa wazo lile lile. Futa, lala. The Sixth Sense ya 1999 na The Others ya 2001, sitasema mwisho wake, na nitashukuru kama wale waliokwisha kuziona watanyamaza vilevile.

Afrika sasa. Mwaka wa 1992, kule Nigeria, mufanyabiashara Kenneth Nnebue alitoa Living in Bondage, iliyoongozwa na Chris Obi Rapu, kwa lugha ya Igbo, kwa kaseti za VHS. Andy anataka utajiri upesi. Chama cha siri kinamudai mutu anayemupenda, naye anamutoa Merit, bibi yake. Utajiri unakuja. Merit naye anakuja: fasi yote Andy anapokwenda, anamuona. Kutoka kaseti ile ikaota soko lote la filme za Nigeria lililofika mupaka kwetu. Watanzania nao wakaanza zao miaka ya 2000. Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka na Shumileta.

Living in Bondage ina nguvu kwa sababu muzimu wa Merit ni zamiri ya Andy. Ni yeye aliyeua. Lakini nyuma yake zilikuja filme ambazo zamiri imetoka na kidole kimebaki, kinamuonyesha mwingine. End of the Wicked ya 1999, iliyotoka kwa wahubiri wa Nigeria, inaonyesha watoto wanaoruka usiku na kula watu. Watu wanaotetea haki za watoto waliilaumu sana, kwa sababu kuko wazazi waliozani wanaangalia ushuhuda.

Na kwetu? Muhula moja, katika dortwari moja ambayo sitaitaja, kijana mudogo alikuwa anasema katika usingizi. Wakubwa walikuwa wameona filme siku ya posho. Kesho yake hakuna aliyetaka kitanda cha karibu naye. Siku ya tatu walimuita muchawi. Siku ya tano alikuwa anakula peke yake. Yule kijana alizika wazazi wote wawili katika mwaka moja. Usiku anaita mama yake. Ni hiyo tu. Nilihamisha kitanda chake karibu na changu, na ninaandika hapa kusudi kila mutu ajue: sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto, kifungu cha 160, inatia gerezani mwaka moja mupaka mitatu mutu anayemusingizia mutoto uchawi, na faini juu yake. Hakuna mustari wowote katika ile sheria unaosema isipokuwa kama uliona katika filme.

Wengine wananiambia Mukristo hafai kuangalia filme za bazimu hata kidogo. Ninaheshimu. Tunajua kwamba Torati inakataza kuuliza wafu, na Saulo alipokwenda usiku kwa mwanamuke wa Endori (1 Samweli 28) hakurudi na furaha. Lakini someni Luka 24 pia. Wanafunzi walizani wanaona roho, wakatetemeka. Bwana hakuwacheka, hakuwafukuza. Aliwaonyesha mikono na miguu, akaomba chakula, akala samaki mbele yao. Ni kusema aliwapa njia ya kuchunguza. Kuangalia filme na kuuliza wafu ni mambo mawili. Ubaya unaanza pale tunapoacha kuchunguza.

Filme tatu za karibuni zinasaidia kuchunguza. Kati Kati ya Mbithi Masya, Kenya, 2016, ni fupi, saa moja na robo. Kaleche anaamuka porini na nguo ya hospitali, hakumbuki kitu, anafika fasi wanapokaa vijana wengine, na Thoma anamuambia: sisi wote tumekufa. Hawawezi kwenda mbele mupaka kila mumoja akubali yale aliyofanya ao yaliyomupata, na ndani yake kuko jeraha la machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Atlantique ya Mati Diop, iliyopata Grand Prix ya Cannes mwaka wa 2019, ni ya Dakar: wafanyakazi hawakulipwa, wakachukua bahari, wakazama. Wanarudi katika miili ya wasichana, usiku, kumudai bosi mushahara wao, na wanamuchimbisha makaburi. His House ya Remi Weekes, 2020, ni ya bibi na bwana waliokimbia vita ya Sudani ya Kusini. Nyumba waliyopewa Uingereza imejaa wale waliobaki majini.

Katika zote tatu, mufu harudi kwa sababu anapenda kutisha. Anarudi kwa sababu kuko kitu hakikumalizika: mushahara, ukweli, kaburi. Mukumbuke wakati wa Ebola, tangu tarehe 1 Agosti 2018 mupaka tarehe 25 Juni 2020, watu 2287 walikufa, wengi sana kwetu Beni, Butembo na Mabalako. Ekipe zilizika kwa usalama, na ilikuwa lazima, sababu maiti inaambukiza. Lakini kuko jamaa ambazo hazikugusa mutu wao, hazikumuosha, na uvumi ukatembea kama masanduku yalikuwa na mawe. Na tangu Oktoba 2014, Beni imezika watu wengi waliouawa na panga, wengine bila jina. Mutu wa jamaa kama hiyo akisema ameona ndugu yake mulangoni, usimuambie uongo, na usimuambie uchawi. Muulize jina la yule ndugu, na umuache asimulie.

Kwa jioni za sinema katika refektware, hii ni maoni yangu kwa Bwana Prefe na waalimu. Körkarlen kwanza, mumoja wetu asome maandishi kwa Kiswahili ao Kinande. Kati Kati kwa darasa zote. Ugetsu na Atlantique kwa wakubwa. The Exorcist hapana, na filme za kuwasingizia watoto hapana kabisa. Kwaidan ni ya saa tatu. Mafuta ya jenereta yetu yanaisha mbele ya masikio ya Hoichi, kwa hiyo tungoje mupaka siku umeme utakaa.

Kiongozi wa wanafunzi,
mwaka wa ine wa Humanités