Sosi Nzito ya Saladi kwa Mtindi wa Nyumbani

Siku hizi ni nadra kuhudhuria sherehe ya Komunyo ya Kwanza, Kipaimara au harusi usikute mezani bakuli kubwa la kabichi na karoti zilizochanganywa na mayonesi. Zamani kachumbari ya nyanya, vitunguu na limau ilitosha. Sasa familia yenye wageni hujiona imepungukiwa kama kopo la mayonesi halipo, hata pale ambapo fedha ya kopo hilo ingenunua maziwa ya watoto lita mbili tatu.

Hatuna nia ya kuwakataza watu kula saladi. Tunatamani familia zetu zile mboga mbichi mara nyingi kuliko zinavyokula sasa, na si siku za sherehe tu. (Sokoni kwetu neno saladi lina maana ya lile jani la kijani, hapa tunalitumia kwa mchanganyiko wowote wa mboga mbichi.) Shida yetu ni kile kinachomwagwa juu ya mboga hizo. Mwezi huu basi tujifunze pamoja namna ya kutengeneza sosi nzito na laini kwa mtindi wa nyumbani, na tuelewe pia kwa nini tunafanya hivyo, maana anayeelewa sababu hahitaji kusimamiwa jikoni.

MAYONESI NI NINI HASA?

Wengi hudhani mayonesi ni aina fulani ya maziwa, kwa kuwa ni nyeupe na nzito. Sivyo. Mayonesi ni mafuta ya kupikia yaliyopigwa pamoja na kiini cha yai na siki au limau. Sote tunajua kwamba mafuta na maji havichangamani. Ukivitikisa kwenye chupa, baada ya muda mfupi mafuta yanapanda juu. Lakini ndani ya kiini cha yai mna kitu kiitwacho lesithini, ambacho hushika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande mwingine. Mafuta yakimiminwa kidogo kidogo huku yakipigwa, hugawanyika kuwa matone madogo sana, na matone hayo yakibanana ndipo tunapata ule uzito. Kwa hiyo weupe na ulaini tunaoupenda ni wa mafuta yenyewe.

Ni mafuta kiasi gani? Kanuni za Marekani zinataka kitu kinachouzwa kwa jina hilo kiwe na mafuta yasiyopungua asilimia 65 kwa uzito wake. Kopo la gramu 500 la namna hiyo lina gramu 325 za mafuta au zaidi, yaani zaidi ya theluthi moja ya lita. Ebu fikiri mama anachukua chupa ya mafuta ya kupikia na kumimina theluthi yake juu ya kabichi mbele ya wageni! Hakuna ambaye angekubali kula. Yakiwa meupe na yenye ladha ya limau, tunayala na kuongeza.

Tuseme ukweli wote: mafuta hayo kwa kawaida ni ya mimea, na si sumu. Kasoro iko kwenye wingi. Gramu moja ya mafuta huupa mwili kalori 9, wakati gramu moja ya wanga au ya protini hutoa 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mayonesi kamili kina kalori 90 au zaidi kidogo. Mtindi wa kawaida kwa kijiko hicho hicho una kama 10. Mtu akiweka vijiko vitatu juu ya sahani ambayo tayari ina pilau, nyama ya kukaanga na soda, ameongeza karibu kalori 300 kwa kitu anachokihesabu kuwa ni mboga. Wale ambao daktari amewaambia wapunguze uzito kwa ajili ya kisukari au shinikizo la damu, mara nyingi ndio wanaojaza saladi ya namna hii wakiamini wanatii.

Pamoja na mafuta kuna chumvi, na katika baadhi ya sosi za dukani kuna sukari pia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo hazijai kijiko kimoja cha chai, tukihesabu chumvi yote: ya ugali wa jana uliokaangwa, ya mkate, ya mchuzi na ya sosi. Soma maandishi ya kopo kabla ya kulilipia.

MAFUTA KIDOGO YANAHITAJIKA

Hapa tunaomba tusikilizwe vizuri, kwa sababu wapo waliosikia kwamba mafuta ni mabaya wakayaondoa kabisa. Karoti, nyanya, majani ya kijani na maboga vina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Vitamini hiyo ndiyo inayolinda macho na kuusaidia mwili wa mtoto kupambana na maradhi. Ndiyo maana watoto wetu hupewa matone yake kliniki. Lakini karotini huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Isipopata mafuta kwenye chakula, sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka bila kumfaidia mlaji.

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa huko Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watu wachache waliokula saladi ile ile kwa sosi tofauti. Waliokula kwa sosi isiyo na mafuta kabisa walifyonza karotini kidogo mno, karibu na bure. Mafuta yalipoongezwa, karotini iliingia damuni. Mwaka uliofuata, wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walitoa habari inayotuhusu zaidi sisi wenye miti ya maparachichi nyuma ya nyumba: saladi iliyoongezwa gramu 150 za parachichi ilifanya karotini ya aina ya beta ifyonzwe mara 15 kuliko saladi ile ile bila parachichi.

Wazazi wa Rungwe, Njombe na Kilimanjaro, ambako maparachichi huanguka na kuozea chini msimu wake ukifika, wanayo dawa hiyo uani. Hata hivyo mara nyingine tunauza parachichi kwa bei ya kutupa barabarani, tukaenda dukani kununua mayonesi kwa fedha ile ile.

Kwa hiyo sosi tunayoifundisha haikosi mafuta. Ina mafuta ya kutosha kazi yake, basi.

MTINDI KWANZA

Mtindi mzuri huanza kwa maziwa yaliyochemshwa. Tunajua kwamba katika nyumba nyingi maziwa huachwa yagande yenyewe ndani ya kibuyu au ndoo bila kupitishwa motoni, na wazee husema yana ladha zaidi. Inawezekana. Lakini maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na vijidudu vya brusela, vile vinavyosababisha ng'ombe kutupa mimba. Vikimwingia binadamu humletea homa ya kwenda na kurudi, jasho la usiku, na maumivu ya viungo na mgongo yanayoweza kudumu miezi. Watu wengi wa namna hii hutibiwa malaria mara kadhaa kabla ugonjwa wao haujajulikana. Ukali wa mtindi hauviui vijidudu hivyo kwa uhakika. Moto huviua.

Chemsha lita moja ya maziwa mpaka yafure, yaache yaendelee kuchemka dakika chache, kisha yaepue. Kama nyumbani yupo mwenye ugonjwa wa moyo, ondoa utando wa mafuta unaoganda juu yakipoa. Yaache hadi yawe vuguvugu: kidole kilichooshwa kiweze kukaa ndani ukihesabu mpaka kumi bila kuungua. Chukua vijiko viwili vya chakula vya mtindi mzuri usio na sukari, uvuruge katika kikombe cha maziwa hayo, urudishe kwenye sufuria. Funika, zungushia blanketi, weka mahali pasipo na upepo, na usiisogeze sufuria mpaka asubuhi. Maziwa yakiwa ya moto mno utaua chachu. Yakiwa baridi hayatashika.

Sasa kinachofuata ndicho siri ya uzito wote. Tandika kitambaa cheupe cha pamba, kilichochemshwa na kukamuliwa, juu ya chujio. Mimina mtindi, kusanya pembe za kitambaa, funga, kisha ning'iniza au uache juu ya bakuli kwa saa tatu au nne, ndani ya friji kama ipo, au mahali penye ubaridi na ukiwa umefunika nzi wasifike. Maji ya rangi ya kijani kibichi hafifu yatadondoka, na ndani ya kitambaa utabaki na karibu nusu lita ya mtindi mzito unaosimama kwenye kijiko. Yale maji msiyamwage. Yana protini na madini. Yatie kwenye uji wa watoto au ukandie unga wa chapati.

Wale ambao maziwa freshi huwasumbua tumbo mara nyingi huvumilia mtindi, kwa kuwa chachu imekwisha kula sehemu ya sukari ya maziwa. Waanze kwa kidogo.

KUTENGENEZA SOSI

Weka mtindi mzito kwenye bakuli. Ponda nusu ya parachichi lililoiva vizuri, lisilo na nyuzi, mpaka liwe laini kabisa, ulichanganye na mtindi kwa uma. Twanga punje mbili za kitunguu saumu pamoja na nusu kijiko cha chai cha chumvi, ukizitwanga kwa chumvi hulainika kama uji, uzitie. Ongeza maji ya limau moja na pilipili manga kidogo. Mwisho mimina taratibu vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti huku ukikoroga kwa nguvu. Ukipenda, katakata giligilani. Mwenye blenda anaweza kuitumia, ila akumbuke kuisimamisha mapema, maana mtindi ukipigwa sana hulegea na kuwa mwepesi.

Onja kabla ya kuongeza chumvi. Ukiona imepooza, mara nyingi kinachopungua ni limau. Ukali wa limau huuamsha ulimi hata chumvi ikiwa kidogo. Watoto wasiopenda kitunguu saumu wawekewe kiasi.

Sosi hii inatosha kabichi moja ya wastani na karoti nne au tano, chakula cha watu kumi na wawili. Tukijumlisha mafuta ya maziwa, ya parachichi na ya alizeti, yote hayafiki sana gramu 80, yaani robo hivi ya yale ya kopo la mayonesi la gramu 500. Ladha yake si ile ile, na hatutawadanganya kwamba wageni hawatagundua. Watagundua. Ina uchachu zaidi na haigandi mdomoni. Familia nyingine huanza kwa kuchanganya nusu mtindi nusu mayonesi ili ulimi uzoee, na hilo tunaliona ni busara kuliko kugombana na baba mwenye nyumba juu ya kabichi.

USAFI, HASA SIKU YA SHUGHULI

Wapo wanaotengeneza mayonesi yao wenyewe kwa blenda na mayai mabichi, wakiamini kwamba cha nyumbani ni salama daima. Kwa jambo hili kopo la kiwandani linawashinda, kwa sababu viwanda vingi hutumia mayai yaliyopashwa moto wa kuua vijidudu. Yai bichi, hata lenye ganda safi lisilo na ufa, linaweza kuwa na salmonela ndani yake. Wajawazito, watoto wadogo, wazee na wagonjwa wasipewe kabisa. Sosi ya mtindi haihitaji yai.

Mboga nazo zioshwe jani moja moja kwa maji yanayotiririka, kisha zisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Kuloweka kwenye maji ya chumvi hufukuza wadudu wanaoonekana. Vijidudu vya homa ya matumbo visivyoonekana visitegemewe kufa kwa njia hiyo. Kibao kilichokatiwa nyama mbichi kisikatiwe kabichi kabla hakijaoshwa kwa sabuni.

Katika sherehe, kosa kubwa ni kuchanganya saladi alfajiri na kuiacha chini ya turubai ikisubiri maharusi, ambao tunajua watafika saa ngapi. Kateni mboga na mzifunike. Sosi ikae peke yake ndani ya friji, au bakuli lake liwekwe kwenye beseni lenye barafu, na vichanganywe watu wakianza kupanga foleni. Saladi iliyokwisha kuchanganywa isikae kwenye joto zaidi ya saa mbili. Inayobaki baada ya hapo isifungiwe kwenye mifuko kwa ajili ya watoto waliobaki nyumbani. Imwagwe, hata kama inauma.

Sosi ambayo haijachanganywa na mboga hudumu siku mbili au tatu kwenye friji, ndani ya chupa iliyochemshwa yenye kifuniko, ikichotwa kwa kijiko kikavu na safi. Rangi yake inaweza kuwa ya kahawia kidogo juu kwa sababu ya parachichi, na hiyo si dalili ya kuoza. Harufu mbaya, povu au ukungu ndizo dalili. Wasio na friji watengeneze ya kutosha mlo mmoja: kikombe cha mtindi mzito, robo ya parachichi, kijiko kimoja cha mafuta na nusu ya limau kwa familia ya watu sita.