Somo la Wanachama: Dhana Juu ya Mtu na Kazi Anayoifanya

Katika vyama vingi vya msingi, kazi ya mizani, ya kuandika stakabadhi na ya kutunza daftari la fedha hugawanywa kwa mazoea. Hujulikana kabla ya mkutano nani atapewa kalamu na nani ataombwa afagie ghala. Mwana wa mkulima mwenye shamba kubwa huitwa mezani. Mjane mwenye miche michache huachwa mlangoni. Mjumbe wa halmashauri akiulizwa sababu, hujibu kwamba hesabu si kazi ya kila mtu. Tena mara nyingine jibu hilo huonekana kuwa na ushahidi, kwani mjane huyo akiitwa ghafla mbele ya watu asome mizani, mkono humtetemeka na husoma vibaya. Lipo swali hapo ambalo halmashauri haina budi kuliuliza: je, kosa hilo limetoka katika akili ya mjane, au limetoka katika namna alivyoitwa?

Swali la namna hiyo lilichunguzwa vijijini nchini India, katika jimbo la Uttar Pradesh, na wachumi wawili, Karla Hoff na Priyanka Pandey, waliotoa taarifa yao mwaka 2004. Waliwakusanya wavulana wa shule 642. Nusu yao, yaani 321, walizaliwa katika matabaka ya juu. 321 wengine walitoka katika tabaka la chini, ambalo wazee wake walihesabiwa kuwa watu wasioguswa. Sheria ya kuwatenga watu hao ilikwisha kufutwa zamani, kwa Katiba ya India ya mwaka 1950. Wavulana walipewa michoro ya mizingile, yaani njia zilizopindapinda ambazo mtoto huzifuata kwa kalamu mpaka apate mlango wa kutokea, na kila mzingile uliokamilika ulilipiwa rupia moja.

Pale ambapo tabaka halikutajwa, wavulana wa makundi yote mawili walifanya kazi sawasawa. Palipo na watoto wengine, msimamizi alisoma kwa sauti jina la kila mmoja, kijiji chake, jina la baba na la babu, na tabaka lake, kisha akagawa michoro ile ile. Wavulana wa tabaka la chini wakarudi nyuma sana. Hapakuwa na aliyewatukana wala kuwatisha, walitajwa tu.

Sehemu ya tatu ya jaribio hilo yafaa isomwe polepole na kila karani wa mizani. Wachunguzi walibadili malipo, ikawa mtoto mmoja kati ya sita atalipwa kwa kura, naye asiyechaguliwa hapati kitu. Tabaka lilitangazwa kama hapo awali, lakini tofauti ikatoweka. Hoff na Pandey walieleza kwamba mtoto wa tabaka la chini, jina lake likisha kutangazwa, hutazamia kuwa jasho lake halitalipwa kwa haki. Kura ilipoingia, alijua kuwa kura haina upendeleo, naye akajitahidi tena. Mkulima anayetazamia kupunjwa hafanyi kazi kwa moyo wote, na anayemtazama kutoka upande wa pili wa meza humwita mvivu.

Nchini Marekani, Claude Steele na Joshua Aronson walitangaza mwaka 1995 jambo lililo karibu na hilo. Wanafunzi weusi walioambiwa kwamba maswali magumu waliyopewa yanapima akili walifanya vibaya kuliko wenzao weupe, hata baada ya alama zao za awali kuzingatiwa. Walioambiwa kwamba maswali hayo si kipimo cha akili walifanya vizuri zaidi. Hata hivyo, si kila jaribio la namna hiyo limetoa matokeo hayo. Uchunguzi uliotolewa Uholanzi mwaka 2018, wa wanafunzi zaidi ya 2,000, haukuona wasichana wakishuka katika hesabu kwa kukumbushwa dhana hiyo. Kwa hiyo si halali kusema kwamba kila kosa la hesabu limeletwa na dharau. Asiyefundishwa desimali hatazijua kwa kuheshimiwa peke yake.

India pia imeonyesha jinsi dhana inavyopungua. Tangu mwaka 1993, Katiba ya nchi hiyo imetenga theluthi ya nafasi za wakuu wa mabaraza ya vijiji kwa wanawake. Katika jimbo la West Bengal, watafiti waliwasikilizisha wanakijiji hotuba moja, mara kwa sauti ya mwanamume, mara kwa sauti ya mwanamke. Matokeo yalitolewa mwaka 2009. Mahali ambapo nafasi hiyo haijapata kutengwa, wanaume walimhukumu mwanamke kuwa kiongozi hafifu kwa maneno yale yale. Mahali walipokwisha kuongozwa na mwanamke, hukumu hiyo ilikwisha. Wanaume hao hawakuacha kumpendelea kiongozi mwanamume moyoni. Walichojifunza ni kupima kazi.

Chama kinachotafuta karani wa mizani chaweza kuanza na mambo madogo. Majina yasisomwe pamoja na ukubwa wa shamba wala ukoo. Karatasi za mtihani ziwe na namba, nazo zisahihishwe na watu wawili kabla majina hayajafunuliwa. Watahiniwa waelezwe mapema alama zitatolewaje. Aliyechaguliwa afundishwe ghala likiwa tupu, si siku ya kwanza ya msimu wakati foleni imefika barabarani, tena apewe zaidi ya msimu mmoja. Uso wa mizani uelekezwe kwa mwenye mazao, ili naye asiwe na sababu ya kutazamia kupunjwa.

Kabla ya mkutano mkuu ujao, kikundi cha kujifunza kimwombe katibu kumbukumbu za misimu mitano iliyopita, kisha kihesabu waliopata kusimama kwenye mizani, wangapi walikuwa wanawake, na wangapi walitoka katika nyumba zisizopata kuwa na mjumbe wa halmashauri. Hesabu hiyo isomwe mbele ya wanachama, bila kumtaja mtu kwa jina.