MRI ya mishipa ya ubongo: kabla hujaenda na barua yako ya rufaa

Mgonjwa anayetumwa kutoka Nyeri, Karatina au Nanyuki hadi Nairobi kupigwa picha ya MRI ya mishipa ya ubongo hana haja ya kuogopa miale. MRI haitumii eksirei. Hutumia mawimbi ya redio na sumaku, ambayo kwa mashine nyingi ni ya tesla 1.5, zaidi ya mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia.

Kinachoonyesha mishipa ni mwendo wa damu yenyewe. Mashine hupiga sehemu ya kichwa kwa mawimbi mfululizo hadi nyama iliyotulia pale inafifia. Damu inayopanda kutoka shingoni haijapigwa bado, kwa hivyo inang'aa. Hivyo mishipa hutokea peke yake kama matawi ya mti. Palipoziba, mng'ao hukatika. Palipovimba kama puto, huonekana. Lakini damu ikienda polepole, mshipa unaweza kuonekana mwembamba kuliko ulivyo. Ndiyo sababu daktari wakati mwingine huongeza dawa ya kung'arisha inayodungwa mkononi. Mwenye ugonjwa wa figo aseme mapema.

Jambo kubwa ni chuma. Sumaku hiyo haizimwi mgonjwa mmoja anapotoka na mwingine kuingia. Fundi wa jua kali aliyewahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni akisaga mageti, hata kama ni miaka 10 iliyopita, aseme: chembe hiyo inaweza kusogea na kuharibu jicho. Aseme pia mzee mwenye kipande cha risasi mwilini tangu siku za Mau Mau, na yeyote mwenye kifaa cha moyo au klipu kichwani. Si wote watakaokataliwa. Wengine hupigwa eksirei kwanza kuhakikisha. Simu, saa na pini za nywele zibaki nje. Ndani kuna kelele nyingi, na kutikisa kichwa huharibu picha.

Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, usingoje tarehe ya MRI. Hiyo ni dalili ya kiharusi, na kwa kawaida picha ya CT, iliyo ya haraka zaidi, hutangulia. Dawa ya kuyeyusha donge la damu, kwa anayefaa kuipata, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Mpeleke mgonjwa hospitalini mara moja, na mwambie daktari saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho.