Emuleta Yako Inaweza Nini? Iulize Kwanza, Usikisie

Somo la leo ni la wafanyabiashara wanaounganisha maduka yao na mfumo wetu wa malipo, na hasa wale vijana wanaowaandikia apu. Kama wewe ni mwenye duka tu, usiondoke. Soma, halafu umtumie fundi wako. Pesa zinazopotea ni zako.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kuna wakati tuliongeza kuingia kwa alama ya kidole kwenye apu. Tukaijaribu kwenye emuleta za ofisini, yaani programu inayofanya kompyuta ijifanye simu. Kila kitu kikaenda sawa, tukaachilia toleo jipya. Kesho yake simu zikaanza kuingia. Wateja wenye simu zisizo na kihisi cha kidole walikuwa wamekwama kwenye ukurasa wa “weka kidole”, na njia ya PIN haionekani. Hebu fikiria mtu yuko kaunta, unga umeshapimwa, foleni iko nyuma yake, na hawezi kulipa. Aibu ni yake, lakini kosa lilikuwa letu. Emuleta zetu zote zilikuwa na kidole kilichosajiliwa, na hatukuwahi kujiuliza ni vipengele gani tumepewa na vipi havipo.

Kwa nini namba ya toleo haitoshi?

Wengi hudhani kwamba emuleta mbili zenye toleo moja zina uwezo sawa. La hasha. Emuleta ya Android imejengwa juu ya QEMU, programu iliyoanzishwa na Fabrice Bellard na kutoka mara ya kwanza mwaka 2003. QEMU ina vipengele vingi vya hiari: anayeiunda anaweza kuviweka au kuviacha. Kwa hivyo namba inakuambia umri wa programu, haikuambii kilichomo ndani. Ni kama magunia mawili yenye lebo moja: bado unafungua uangalie.

Kuna tabaka tatu za kuuliza, na kila moja ina jibu lake.

1. Programu yenyewe

Ukitumia emuleta ya Android, andika:

emulator -help

Utaona machaguo ambayo hiyo uliyo nayo inayakubali. Ukitumia QEMU moja kwa moja, kuna maswali ya kina zaidi:

qemu-system-x86_64 -device help
qemu-system-x86_64 -cpu help
qemu-system-x86_64 -accel help

La kwanza linaorodhesha vifaa, la pili aina za prosesa, la tatu njia za kuongeza kasi. Lakini chunga hapo: orodha ya tatu inasema kilichojengwa ndani ya programu. Haisemi kama kompyuta yako itakubali.

2. Kompyuta unayotumia

Hapa amri ni:

emulator -accel-check

Itakuambia kama kompyuta inaweza kuipa emuleta kasi ya maunzi. Kwenye Linux, kasi hiyo hutoka kwa KVM, na faili ya kuangalia ni /dev/kvm. Faili kuwepo pekee haitoshi. Lazima akaunti yako iwe na ruhusa ya kuifungua. Bila kasi hiyo emuleta inaweza kuwa nzito sana, na unaweza kudhani apu yako ndiyo mbovu wakati shida ni kompyuta.

3. Simu ya kuigiza iliyo ndani

Emuleta ikishawaka, uliza:

adb shell pm list features

Kila mstari huanza na neno feature. Tafuta vile malipo yanavyovihitaji: android.hardware.fingerprint kwa kidole, android.hardware.camera kwa kusoma msimbo wa QR, android.hardware.nfc kwa kulipa kwa kugusisha. Kama NFC haipo kwenye orodha, usijaribu malipo ya kugusisha hapo. Chukua simu halisi.

Kuwepo si kuwa tayari

Hapa ndipo tuliteleza. Ndani ya apu, hasSystemFeature inajibu kama kifaa kipo. Swali la pili ni kama mteja amekiwasha na kukisajili. Kwa kidole, BiometricManager ina canAuthenticate, nayo hutofautisha majibu: BIOMETRIC_SUCCESS maana yake endelea, BIOMETRIC_ERROR_NO_HARDWARE, kihisi hakipo, BIOMETRIC_ERROR_NONE_ENROLLED, kihisi kipo lakini hakuna kidole kilichosajiliwa. Majibu haya mawili ya mwisho yote yampeleke mteja kwenye PIN, bila kumzungusha.

Na kama unaandika skripti ya kukagua emuleta nyingi, usisome maandishi ya -help kwa kukata maneno. Yale yameandikwa kwa ajili ya binadamu, na yanaweza kubadilika wakati wowote. QEMU ina mlango wa mashine kuulizana, unaoitwa QMP. Unaanza na qmp_capabilities, kisha query-qmp-schema inakupa orodha kamili ya amri na vipengele vyake.

Jaribu pia “hapana”

Watu hupenda kujaribu apu ikiwa na kila kitu. Sisi sasa tunaanza na upungufu:

- Tunawasha emuleta mpya ambayo haijasajiliwa kidole. Je, PIN inaonekana?
- Tunaiwasha bila kamera ya nyuma: emulator -camera-back none. Je, mteja anaweza kuandika namba ya duka kwa mkono?
- Baada ya hapo ndipo tunasajili kidole na kukigusisha kwa adb -e emu finger touch 1, kuona njia ya kawaida inafanya kazi.

Mwisho, tunamaliza na simu halisi, ya bei ya chini kabisa tunayoweza kupata. Emuleta ni mazoezi tu, mechi yenyewe iko kwa kaunta.

Tahadhari moja: usiweke PIN yako halisi wala akaunti ya mteja kwenye emuleta. Tumia akaunti za majaribio pekee.

Kazi ya nyumbani: leo, endesha zile amri za tabaka tatu, uandike kila kipengele ambacho apu yako inakihitaji na emuleta yako haina. Mbele ya kila kimoja andika mteja atafanya nini kikikosekana. Ukikuta mstari usio na jibu, hapo ndipo mteja wako atakwama. Urekebishe kabla hajafika kaunta.